Kitabu cha Kuazima ni Amana ya Mtaa Mzima



Miaka michache iliyopita, nilipokuwa nikihamisha vitu vyangu kutoka nyumba moja kwenda nyingine, niliona chini ya sanduku kitabu chembamba ambacho jalada lake lilikuwa limeanza kuliwa na mende. Nilipokifungua niliona ndani ya jalada muhuri wa maktaba, na chini ya muhuri kikaratasi kilichogundishwa chenye tarehe ya kukirudisha. Tarehe hiyo ilikuwa imepita kwa miaka kumi na mmoja. Kilikuwa kitabu cha kujifunzia herufi za Kiarabu, kurasa zake hazizidi sitini. Nilikiazima katika maktaba ndogo ya mtaa niliokaa zamani, nikakitumia kwa majuma mawili, kisha nikakisahau.

Nataka nikueleze yaliyonipata nilipokirudisha, kwa sababu nadhani yanakuhusu wewe pia, hasa ukiwa mtu anayeitafuta haki, au uliyeingia katika dini karibuni na bado una mengi ya kujifunza.

Maktaba ile ni chumba kimoja tu. Ina rafu nne za mbao, meza mbili ndefu, mabenchi, na dirisha kubwa liletalo mwanga. Vitabu vyake havifiki elfu moja. Mtunzaji wake ni mzee aliyekuwa mwalimu wa shule ya msingi kabla ya kustaafu. Nilimkuta akiwa yuko pale pale. Nikasema, "Shikamoo, mwalimu." Akaitika, "Marahaba, mwanangu." Nikamkabidhi kitabu huku nimeinamisha uso. Hakunikemea. Alivuta daftari kuukuu, akalipekua taratibu, hata akalipata jina langu kwa wino uliokwisha fifia. Mistari yote ya juu na ya chini ilikuwa imejazwa tarehe ya kurudisha. Wangu peke yake ulikuwa wazi.

Kisha akafungua kurasa za mwisho za daftari, mahali anapoandika vitabu vilivyoulizwa vikakosekana. Kitabu changu (tazama, nimekiita changu, hali hakikuwa changu hata siku moja) kilikuwa kimeulizwa mara saba. Na katika hizo, mara nne aliyekiuliza alikuwa mtu yule yule. "Alikuwa mama mmoja aliyesilimu ukubwani," mwalimu akanieleza. "Aliona haya kuketi madrasani pamoja na watoto wadogo, akataka ajifunze herufi peke yake hapa mezani. Alikuja Jumamosi nne. Kila mara nilimwambia kwamba kitabu kimeazimwa, bila shaka kitarudi. Jumamosi ya tano hakuja."

Nikamwuliza mama yule anakaa wapi. Hakujua.

Basi, ndugu msomaji, tangu siku hiyo nimekuwa nikifikiri juu ya chumba kile kidogo, nami nimeona kwamba ndani yake mna mafundisho ambayo nimeyasikia mara nyingi mimbarini bila kuyatia moyoni.

Twajua sote kwamba ufunuo wa kwanza aliopewa Mtukufu Mtume Muhammad (s.a.w.) katika pango la Hira ulianza kwa amri ya kusoma, na katika aya hizo hizo kalamu ikatajwa. Aliyepewa amri hiyo hakuwa msomi, na mji wake ulikuwa na watu wachache mno waliojua kuandika. Wala amri haikupelekwa kwa wafalme waliokuwa na makarani na hazina za vitabu, bali ilimfikia yatima aliyelelewa na jamaa zake, katikati ya watu ambao hawakuwa na maktaba. Jambo hili latufundisha kwamba kusoma si pambo la matajiri. Ni wajibu wa mja, na mahali palipo na wajibu, pana haki pia. Kama maskini ameamriwa kujifunza, basi anayo haki ya kupata cha kujifunzia.

Mtume (s.a.w.) mwenyewe aliitimiza haki hiyo kwa matendo. Baada ya vita vya Badr, mwaka wa pili wa Hijra, yaani 624, Waislamu walishika mateka wengi wa Makka. Waliokuwa na mali walijikomboa kwa mali. Lakini historia yatueleza kwamba miongoni mwa wale wasio na kitu walikuwamo waliojua kuandika, nao wakaambiwa kwamba fidia yao ni kuwafundisha watoto wa Madina, kila mateka watoto kumi. Tafakari jambo hili. Mji ulikuwa na njaa na hofu, na fedha zilihitajiwa sana. Hata hivyo mtoto wa mtaani kuzijua herufi kulihesabiwa kuwa kwatosha kumnunulia mtu uhuru wake. Aidha, walimu hao hawakuwa Waislamu. Walikuwa maadui wa jana. Herufi hazikukataliwa ati kwa sababu zimetoka mkononi mwa asiye wa dini yetu.

Sasa tuangalie upande wa pili, yaani amana. Kurani Tukufu yatuamuru turudishe amana kwa wenyewe. Aghalabu tukisikia neno amana hufikiri fedha aliyotuwekea jirani, au ufunguo wa nyumba ya msafiri. Lakini kitabu cha maktaba ni amana ya namna ya pekee. Fedha ya jirani ina mwenyewe mmoja. Ukiila, waweza siku moja kwenda kwake, ukapiga magoti, ukamwomba msamaha, naye akakusamehe. Kitabu cha maktaba mwenyewe ni nani? Si mtunzaji, maana yeye ni mlinzi tu. Wenyewe ni mtaa mzima: mtoto ambaye hajazaliwa atakayekihitaji miaka kumi ijayo, mpita njia, na mama yule ambaye hata jina lake silijui. Utampata wapi kila mmoja wao ili umwombe radhi? Ndiyo maana dhuluma ya kitu cha wote ni nzito kuliko idhaniwavyo, ingawa kitu chenyewe ni kitabu cha kurasa sitini.

Wazee wetu katika Islam waliielewa amana hii. Mwanajiografia mashuhuri Yaqut al-Hamawi, aliyefariki mwaka 1229, aliwahi kukaa katika mji wa Merv, ambao magofu yake leo yamo katika nchi ya Turkmenistan. Yaqut hakuwa mtoto wa wakubwa. Alichukuliwa mtumwa angali mdogo, akanunuliwa na mfanyabiashara wa Baghdad, akasomeshwa ili amsaidie katika hesabu, na baadaye akaachwa huru. Ameandika kwamba Merv ilikuwa na maktaba kumi za wakfu, na kwamba nyumbani mwake hapakukosekana vitabu 200 au zaidi alivyoazimwa, vingi bila kuweka rehani yoyote, ingawa thamani yake ilifika dinari 200. Naye akakiri kwamba faida nyingi alizozitia katika kamusi yake kubwa ya nchi na miji alizichuma katika maktaba hizo.

Mwaka 1221 majeshi ya Wamongolia yaliuteka mji wa Merv na kuuangamiza pamoja na maktaba zake. Yaqut alikuwa amekwisha kimbia. Vitabu vingi alivyovisoma pale havipo tena duniani, na baadhi yake twavijua kwa sababu tu yeye alivinukuu. Laiti watunzaji wa Merv wangemwambia, "Wewe ni mgeni, tena ulikuwa mtumwa, lete kwanza dinari 200," tungalipoteza vitabu vile mara mbili. Walimwamini mgeni, na imani yao ikaokoa sehemu ya elimu yao.

Pengine utasema, "Hayo ni mambo ya miji mikubwa yenye wakfu tajiri. Sisi tuna rafu nne tu." Basi nikupe mfano wa udogo. Katikati ya karne ya 19, katika mji wa Allegheny huko Marekani, bwana mmoja aitwaye James Anderson alikuwa na vitabu vipatavyo 400 nyumbani kwake. Kila Jumamosi alifungua mlango wake, na vijana waliofanya kazi waliruhusiwa kuchukua kitabu kimoja, kukirudisha Jumamosi ifuatayo, na kuchukua kingine. Miongoni mwa vijana hao alikuwamo mtoto wa mfumaji maskini kutoka Scotland, mpeleka simu za maandishi, jina lake Andrew Carnegie. Vitabu vile vilipowekwa baadaye chini ya utaratibu mpya, vijana wa namna yake walitakiwa kulipa dola mbili kwa mwaka. Kijana huyo aliandika katika gazeti kulalamika, na masharti yakaondolewa.

Carnegie alikuja kuwa tajiri mkubwa wa chuma, na kwa fedha zake zilijengwa maktaba 2,509 katika nchi mbalimbali. Simtaji ili tumsifu kwa kila jambo. Mwaka 1892 katika kiwanda chake cha Homestead wafanyakazi waligombana na wakuu wa kazi juu ya mishahara, na watu wakauawa. Mtu aweza kujenga maktaba na bado akadaiwa haki na wale waliomtumikia. Namtaja ili uone mlango wa James Anderson. Hakuwa na jengo la fahari. Alikuwa na vitabu 400, siku moja katika juma, na moyo wa kuwaamini vijana ambao nguo zao zilikuwa na masizi.

Hata katika nchi zetu twaliona jambo hili. Hapa Tanzania sheria ya kuanzisha huduma za maktaba ilipitishwa mwaka 1963, na tarehe 9 Desemba 1967 Mwalimu Julius Nyerere alifungua jengo la Maktaba Kuu ya Taifa, Dar es Salaam. Lilikuwa jambo la kujivunia. Lakini katika miaka ya 1970, watu wazima kwa maelfu walipofundishwa kusoma katika madarasa ya kisomo, ilidhihirika kwamba maktaba kuu ya mjini haimfai aliye kijijini. Aliyejifunza kusoma akikosa cha kusoma, herufi humtoka kama maji katika pakacha. Kwa hiyo vikaanzishwa vyumba vidogo vya vitabu vijijini. Huko Kenya nako, mwaka 1996, huduma ya maktaba ya taifa ilianza kuwapelekea vitabu wafugaji wa Garissa kwa ngamia. Ngamia hachukui vitabu vingi, lakini hufika. Na fadhila kubwa ya maktaba ya mtaa ni hiyo: iko karibu hata mama mwenye kazi nyingi aweza kuifikia kwa miguu siku ya Jumamosi.

Sasa niseme nawe, ndugu unayechunguza dini. Wengi huuliza, "Nitajuaje kwamba niliyoambiwa ni kweli?" Swali hilo ni jema, wala usimwogope anayekukataza kuliuliza. Kurani Tukufu yenyewe yakataza mtu kufuata jambo asilokuwa na ujuzi nalo, na yatukumbusha kwamba masikio, macho na moyo vitaulizwa. Lakini ili uchunguze wahitaji mahali ambapo hakuna mtu anayekuvuta mkono. Ukienda kwa shehe, atakutazamia usilimu. Ukienda kwa padri, atakutazamia ubatizwe. Nyumbani huenda baba amekasirika kwa kuwa umeuliza. Katika chumba cha maktaba mtunzaji hakuulizi dini yako. Anakuuliza jina lako na siku utakayorudisha kitabu.

Tena rafu moja yaweza kukupa wasemaji wengi. Msomaji wa Kiswahili aweza kuweka mezani tafsiri ya Kurani iliyotolewa mwaka 1923 na Godfrey Dale, padri wa Kikristo aliyefanya kazi Zanzibar. Ile ya Sheikh Mubarak Ahmad, iliyotolewa Nairobi mwaka 1953. Na ile ya Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy iliyokamilika mwaka 1969. Watu hawa watatu walihitilafiana katika mambo makubwa, na hitilafu hizo zaonekana katika maelezo yao. Lakini rafuni vitabu vyao husimama bega kwa bega kwa utulivu, na wewe una uhuru wa kufungua sura moja katika vyote vitatu, kulinganisha, kufikiri, na kumwomba Mwenyezi Mungu akuongoze. Haki haiogopi kusimama karibu na lisilo haki. Imani iliyopatikana kwa njia hiyo haipeperushwi na upepo wa kwanza wa maneno ya mtaani.

Huenda mtu akasema, "Siku hizi kila kitu kimo katika simu, maktaba ya nini?" Sikatai kwamba simu imeleta neema kubwa, na vitabu vingi vyapatikana humo. Lakini fikiri vema. Simu yataka fedha kila siku, na inapokwisha fedha hufunga mlango. Simu ni ya mtu mmoja. Mtoto wa nyumba yenye simu moja hungoja mpaka baba arudi usiku. Katika simu unapofungua kitabu, makelele ya dunia nzima huingia pamoja nacho. Chumba chenye meza, mwanga na ukimya ni kitu ambacho nyumba nyingi za vyumba viwili hazina. Isitoshe, mtu akisoma peke yake katika simu hamwoni jirani yake akisoma. Maktabani mtoto humwona mzee amevaa miwani ameinamia kitabu, akajua kwamba elimu haina mwisho.

Wengine watasema, "Watu wetu hawarudishi vitabu; maktaba itamalizika." Ah, hapo nimeshikwa mimi mwenyewe! Jibu la neno hili si hoja, bali ni matendo. Basi nakuomba mambo manne.

Kwanza, leo kabla ya kulala, tazama sandukuni, kabatini na juu ya rafu yako. Ukikuta kitabu cha maktaba, au cha msikiti, au cha shule, au cha rafiki, kirudishe. Usizuiwe na aibu ya kuchelewa. Aibu ya siku moja mbele ya mtunzaji ni nyepesi kuliko kuulizwa mbele ya Mwenyezi Mungu.

Pili, kitunze unachoazima. Usichane ukurasa, wala usipige mistari ya wino, kwa maana atakayekuja nyuma yako ana haki ya kitabu kizima.

Tatu, ukiwa na kitabu ulichokwisha soma na hukihitaji, kitoe. Sadaka inayoendelea si kisima na mti tu. Elimu inayowanufaisha watu ni miongoni mwa matendo ambayo ujira wake haukatiki kwa mauti. Wala usitoe kilichooza tu. Toa ambacho wewe mwenyewe ungependa kukisoma.

Nne, kama mtaa wenu hauna chumba cha vitabu, anzeni na kabati moja. Wekeni daftari, kwani wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Wekeni siku moja ya kufungua, na msiivunje. Msichague tu vitabu vinavyowapendeza ninyi. Wekeni vya hesabu, vya kilimo, vya afya, vya hadithi za watoto, na vya wale msiokubaliana nao pia. Haba na haba hujaza kibaba.

Nilipomaliza kuzungumza na mwalimu siku ile, alichukua kalamu akaandika tarehe katika ule mstari wangu uliokuwa wazi. Nikaona kana kwamba deni limefutika. Kisha akakichukua kitabu, akakipangusa, akakigundisha upya jalada, akakirudisha rafuni mahali pake. Nilimwomba akubali nami niongeze nakala nyingine mbili za kitabu hicho, naye akakubali. Lakini zile Jumamosi nne sikuweza kuzirudisha. Mama yule alikuja na nia yake, akaondoka nayo, na sijui kama alipata kwingine kwa kujifunza. Namwombea kila ninaposoma herufi zile alizozitafuta.

Ndugu msomaji, kama katika mtaa wako mna chumba cha namna hii, huenda wakati huu yuko mtu njiani anakuja kukiuliza kitabu kilicho nyumbani kwako. Mfungulie njia.

Ewe Mwenyezi Mungu, tuzidishie elimu yenye manufaa. Tujaalie tuwe watunzaji waaminifu wa haki za jirani zetu, tuwajuao na tusiowajua. Wasamehe waliosahau, na uwafikishe katika mwanga wote wanaoutafuta kwa moyo safi. Amin.